Mambo Manane ya Malta

Harufu ya ndimu ilinifikia kabla sijaiona sabuni yenyewe. Tulikuwa tumemaliza arobaini ya Bibi, na mimi ndiye niliyeachiwa kazi ya kufungua sanduku lake la bati, lile la bluu alilokuwa akilikalia kila alipotaka kunifundisha adabu. Juu kulikuwa na leso zake, zimekunjwa kama zimetoka dukani jana. Chini ya leso kulikuwa na miwani yenye mkono mmoja. Na chini kabisa, kipande cha sabuni ya manjano kilichokauka na kupasuka kama kisigino, kimefungwa ndani ya kijitabu cha picha. Nilipokiinua tu, chumba chote cha Kayole kikawa Malta.

Sijawahi kufika Malta. Mbali kabisa nilikofika ni Voi, na nililala njia nzima. Lakini kisiwa kile nakijua. Niulize mitaa yake imejengwa vipi, nitakwambia kuna mitaa iliyo ngazi tupu, unashuka hadi unaona bahari kule chini imebanwa katikati ya nyumba kama kitambaa kwenye mlango. Niulize nyumba zao zina nini, nitakwambia zina roshani za mbao zilizofunikwa kama makabati, moja ya kijani, moja nyekundu, moja ya bluu, zimening'inia ukutani na watu wako ndani wanachungulia. Hayo yote niliyajua nikiwa darasa la tatu, na nilikuwa na sababu ya kuyajua.

Mama aliondoka meno yangu ya mbele yakiwa yanatikisika, na alipopiga simu ya kwanza yalikuwa yameshatoka. Alikwenda kumtunza ajuza mmoja katika mji mkuu wa kisiwa hicho. Nikabaki na Bibi, orofa ya nne, nyumba ya chumba kimoja na jikoni ya kugeukia tu. Jioni Bibi alikaanga viazi karai kwenye geti, na mimi nilikuwa mtu wake wa kutumwa.

Nyinyi mliokulia huku mnajua kutumwa. Kwa Bibi ilikuwa kama dini ya pili. Aliandika vitu kwenye kipande cha katoni: chumvi, ndimu, mkaa, pilipili, binzari. Kila ninachonunua nikipige tiki palepale dukani, halafu nirudi na katoni yake aikague. Siku moja nilirudi bila binzari kwa sababu duka lilikuwa limefungwa. Bibi hakunigombeza. Alinigeuza tu kwa mabega nikatazama ngazi.

"Ukitumwa vitu vitano usirudi na vinne," alisema. "Mtu hajarudi mpaka karatasi imeisha."

Nilishuka orofa zote nne nikalia kidogo, nikatembea hadi duka la mtaa wa pili, nikapata binzari. Rafiki yangu Kevo, aliyekaa orofa ya chini yetu na aliyekuwa darasa la sita, alinikuta kwenye ngazi nikihema.

"Wewe shida yako ni mbio," aliniambia. "Ukimaliza haraka unatumwa tena. Mimi nikitumwa sukari nafika jioni, ndiyo maana siku hizi wanamtuma dadangu."

Nilicheka, lakini maneno yake yalinikaa. Nilikuja kuyatumia baadaye.

Basi mwaka wa pili wa Mama kule, mwanamke mmoja wa mtaa wa Umoja aliyekuwa akifanya kazi kisiwa hichohicho alirudi nyumbani na akatuletea kifurushi. Kulikuwa na peremende, gauni ambalo lingenitosha mwaka uliopita, sabuni ya ndimu, na kile kijitabu. Mama alikuwa ameandika juu yake kwa mkono wake, *Sada, uone ninapokaa.* Bibi aliinusa sabuni, akaifunga tena, akasema sabuni kama hiyo haiogewi na watu wa Kayole wenye vumbi, hiyo ni ya kuweka nguoni. Mimi nikachukua kijitabu nikakimbia kwa Kevo, kwa maana kilikuwa cha Kizungu na yeye ndiye aliyekuwa na Kizungu kwenye ploti yetu, gorofa zima la wapangaji.

Tulikaa juu ya paa, kati ya matangi na kamba za nguo. Kevo alikifungua kwa vidole viwili kama daktari.

"Mambo manane ya kufanya kisiwani," alisoma. "Ukiwa na siku tatu."

Yalikuwa yamepangwa kwa namba, moja mpaka nane, kila moja na picha yake. Na pembeni ya la kwanza, la pili na la tatu kulikuwa na tiki. Tiki za kalamu nyeusi, zimepigwa kwa nguvu.

Mnaona nilichoona. Yeyote aliyelelewa na Bibi angeona hivyohivyo. Mama alikuwa ametumwa. Alipewa karatasi ya vitu vinane, na kwa miaka miwili alikuwa amemaliza vitatu.

Tulisoma vile alivyomaliza kwanza. Cha kwanza kilikuwa kuingia kanisa kubwa ambalo nje ni mawe matupu na ndani ni dhahabu kuanzia sakafu hadi darini. Nilimpelekea Bibi habari hiyo akiwa anamenya viazi, na kisu kikasimama.

"Astaghfirullah! Mama yako anafanya nini kanisani?"

"Labda anafagia," Kevo alisema kutoka mlangoni. "Dhahabu yote hiyo si inashika vumbi?"

Bibi alifikiri, akaendelea kumenya. "Kama ni kufagia, hakuna ubaya."

Cha pili kilikuwa kukaa kwenye bustani juu ya ukuta na kutazama bandari. Cha tatu, kula kile kitafunio chao cha moto, kama sambusa iliyovimba, ndani jibini au minji. Hicho sikumlaumu Mama kukimaliza mapema. Vilivyobaki vilikuwa vitano: kusubiri mzinga unaopigwa saa sita mchana, kuvuka bandari kwa kimashua, kuhesabu roshani za rangi, kutembea katika mji wa kale ulio kimya hadi unasikia nyayo zako, na cha mwisho kabisa, kukaa juu ya ukuta jua likizama na kutofanya lolote.

Labda ningekiacha kijitabu kiwe kijitabu tu. Lakini siku chache baadaye nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikifunga kiatu, nikamsikia Bibi akizungumza na Mama Kevo.

"Wanataka aongeze miaka miwili," Bibi alisema. "Karatasi iko tayari, bado kutia sahihi tu."

"Na atatia?"

"Atafanyaje? Huyu mtoto atasoma na nini?"

"Woi," Mama Kevo alisema. "Na mtoto mwenyewe anajua?"

Mtoto mwenyewe alijua. Nilijua kuliko wao. Miaka miwili kwa mambo matatu, basi mambo matano yaliyobaki yangekula miaka zaidi ya miwili, ningekuwa mtu mzima mwenye ndevu, kama wasichana wangeota ndevu. Kwetu ploti mtu akizidiwa na mitungi ya maji unamshikia mtungi mmoja mkono wa pili, mnabeba wawili. Nilipanda juu ya paa nikamwambia Kevo tutamshikia Mama mkono wa pili.

Kevo alinitazama sana. Sasa najua alielewa kuwa nimekosea, maana alikuwa mkubwa na hakuwa mjinga. Lakini alikuna kichwa tu akasema, "Sawa. Tuanze na mzinga. Huo ni wangu."

Jumamosi, saa sita kamili, alilipiga pipa tupu la maji kwa nyundo ya babake. Mara moja tu, kama kijitabu kilivyosema. Njiwa wote wa Kayole waliruka. Mwanamke wa orofa ya tatu alimwagikiwa na ugali. Mlinzi wa ploti alipanda ngazi akitukana kwa lugha tatu, nasi tulikuwa tumelala kifudifudi nyuma ya tangi, mimi nikipiga tiki huku nikicheka hadi kalamu ikatoboa karatasi. Tobo lile lipo hadi leo.

Kimashua kilituchukua wiki moja, kwa sababu tulingoja mvua. Iliponyesha, barabara ya chini ikajaa maji ya rangi ya chai kutoka ukuta hadi ukuta, na vijana wa mikokoteni wakaanza kuvusha watu wenye viatu vizuri. Kevo akamwendea mmoja.

"Niaje. Huyu mtoi anaenda Malta."

"Malta ni upande upi, ule wa bucha ama ule wa kinyozi?"

"Wa kinyozi."

"Panda. Wewe sukuma."

Nilikaa mbele, mgongo wima, viatu mapajani. Maji yalikuwa na maganda ya machungwa na ndala moja ya watu. Kevo alisukuma nyuma, suruali imekunjwa hadi magotini, na mwenye mkokoteni akapiga mluzi kama honi ya meli. Nilifumba macho. Kweli nawaambia, nilisikia chumvi puani. Nilipofumbua, kinyozi alikuwa amesimama kwenye ngazi za kibanda chake, akanipungia mkono kama mtu wa forodha.

Roshani zilikuwa rahisi. Kayole yote ni roshani. Hazikuwa na rangi zenyewe, lakini zilivishwa: shuka la waridi, sare ya shule ya kijani, leso ya Bibi ya machungwa, jogoo mwekundu aliyefungwa mguu orofa ya pili. Nilihesabu hadi mia moja na nne nikaona Mama atatosheka.

Taabu ilikuja kwenye ule mji wa kimya. Kimya kipo wapi Eastlands? Huku mchomelea vyuma, huku spika za kanisa, huku manamba wa matatu wanaita abiria, huku mtu ananunua vyuma kuukuu kwa kipaza sauti. Kevo alipendekeza makaburini.

"Mama hajaenda makaburini!" nilimpigia kelele.

Tukajaribu msikiti kati ya sala mbili. Feni ilikuwa ikilia kwi, kwi, na mzee mmoja alikuwa akikoroma kwa nguvu kuliko feni. Wiki ikapita. Ikapita nyingine. Na la mwisho nililijaribu nikashindwa vilevile. Nilikaa juu ya paa jua likishuka nyuma ya magorofa, nikaweka mikono magotini nisifanye kitu. Haikufika dakika tano.

"Sada! Mtoto wa kike umekaa tu? Njoo uchambue mchele!"

Halafu Jumapili moja simu ya Bibi ikalia, namba ndefu. Na hapa nieleze desturi ya ploti yetu, maana siku hizi sijui kama ipo. Mtandao wa simu za nje ulikuwa mbovu, ukisikia neno moja unakosa mawili. Kwa hiyo simu ya mbali ikiingia, mwenyewe hutoka koridoni, karibu na dirisha, na aliye karibu huita, "Simu ya ng'ambo!" Neno hilo hushuka ngazi, orofa hadi orofa. Redio zinazimwa. Watoto wanashikwa midomo. Anayetwanga anaweka mchi chini. Hakuna aliyeamrisha, ilikuwa heshima tu, kwa sababu kila mlango ulikuwa na mtu wake mbali.

Siku hiyo, nikitembea koridoni kumfuata Bibi, nilisikia ndala zangu. Pa. Pa. Pa. Nikasimama. Nikatembea tena. Pa. Pa. Nikatazama nyuma, Kevo alikuwa amechomoza kichwa ngazini, macho yamemtoka, ananionyesha vidole vinne. La nne letu. Lilikuwa limetimia.

Bibi alinipa simu.

"Mama, nimekusaidia," nilisema kabla hata ya kumwamkia.

"Umenisaidia nini, mpenzi wangu?"

"Mambo yako manane. Wewe ulifanya matatu. Mimi na Kevo tumefanya manne. Mzinga tumepiga, bandari tumevuka, roshani zimefika mia na nne. Na la kimya linafanyika sasa hivi, unasikia?"

Nilipiga ndala moja sakafuni ili asikie.

"Limebaki moja tu. Nimelijaribu, Bibi hakubali mtu akae tu. Hilo ufanye wewe, Mama. Ukae ukutani, uangalie jua likizama, usifanye kitu kingine. Halafu karatasi imeisha, urudi."

Kimya. Niliitoa simu sikioni nikaitazama.

"Mtandao umepotea," nilimwambia Bibi.

"Haujapotea, mtoto," Mama Kevo alisema kutoka kwenye ngazi, polepole. "Ngoja."

Nikaiweka tena sikioni. 

"Nitakaa," Mama alisema.

"Leo?"

"Leo."

Alirudi kabla ya mvua za mwaka kwisha. Nilimkuta kwenye geti nikitoka shule, amekaa kwenye kiti cha Bibi cha kukaangia viazi, sanduku moja tu kando yake, na mikono yake ilikuwa na ile harufu ya ndimu hadi kwenye viwiko. Sikumkimbilia. Nilisimama mbele yake nikamwangalia meno, sijui kwa nini, labda nilitaka kuona kama na yeye yamebadilika. Ndiyo akanivuta.

Jioni tulipanda wote juu ya paa, yeye, mimi na Bibi. Nilikuwa nimebeba kijitabu. Nilitaka anisimulie kanisa la dhahabu.

"Mimi? Sijaingia," alisema.

"Na tiki?"

Alikipindua kijitabu akacheka, kicheko kilichokuwa kimechoka. "Hizi si zangu. Hiki nilikiokota, watalii walikisahau kwenye benchi. Nikakuwekea kwa ajili ya picha."

Nilihisi paa linasogea. "Kwa hiyo hukufanya lolote?"

"Roshani nilifanya. Moja. Nimeiosha kila asubuhi kwa miaka miwili." Akafikiri. "Na mzinga. Huo niliusikia kila siku. Ndiyo ilikuwa saa ya kumpa ajuza wangu dawa."

Mengine alinisimulia kidogokidogo, miaka ilivyokwenda. Kwamba jioni ya ile simu alikisukuma kiti cha magurudumu cha yule ajuza hadi ukutani, akafunga breki, akaketi kwenye jiwe. Kwamba ajuza alimuuliza kama anaumwa, kwa sababu hajawahi kumwona ameketi. Bahari ikawa nyekundu, halafu ya zambarau, na mawe ya mji yakawa rangi ya mkate. Naye akakaa akifikiri jua lilikuwa limezama kila siku tangu aje, na hilo ndilo la kwanza kulitazama. Asubuhi akawaambia waajiri wake hatii sahihi.

Sitawadanganya kwamba haikugharimu. Bibi alikuwa ameuliza nitasoma na nini, na jibu likawa kidato cha pili. Ndipo nilipoishia. Leo nasuka nywele kwenye chumba cha chini cha ploti ileile, na wateja wangu husema nina hadithi nyingi kuliko mafuta. Mama aliwahi kuniuliza, akiwa amenipa kisogo anaosha vyombo, kama heri angeongeza ile miaka. Nilimwambia akiuliza tena nitamsuka vibaya.

Lakini nirudi juu ya paa, jioni ile ya kwanza. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya magorofa. Mama alichukua kalamu.

"La nane nimelifanya kweli," alisema. "Hii tiki ni yangu."

Nikaruka nikamshika mkono. Maneno ya Kevo yalinijia yote kwa mara moja.

"Usipige! Anayemaliza anatumwa tena!"

Mama alimtazama Bibi ili wacheke pamoja. Bibi hakucheka. Alikuwa anazitazama kamba za nguo.

Kesho yake kijitabu hakikuonekana. Mama alikitafuta chini ya kitanda, nyuma ya kabati, akamuuliza Bibi.

"Vijitabu!" Bibi alisema. "Nimewashia jiko."

Tuliamini. Bibi hakuwa mtu wa kusema uongo, na hakuwa mtu wa kuacha karatasi bila kuisha. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiamini Malta yangu iliungua chini ya viazi karai.

Sasa nimekaa sakafuni mbele ya sanduku, kijitabu kimefunguka mapajani. Tiki tatu nyeusi za watalii. Tiki nne zangu, moja na tobo. Na pembeni ya jua linalozama, peupe.

Mama ameingia na vikombe viwili vya chai. Ameiona sabuni kwanza, kisha kijitabu, kisha amelitazama sanduku la bati muda mrefu, kama vile Bibi bado amelikalia.

"Kumbe," amesema.

Ameweka chai chini. Amepitisha kidole pale peupe.

"Lete kalamu basi. Nililifanya kweli, ujue."

"Haina wino," nimesema.

Kalamu imechomekwa nyweleni mwangu, juu ya sikio la kulia, ninapoiwekaga nikiwa kazini. Sote wawili tunaiona.

"Basi kesho," Mama amesema, na amekaa.